Gereji iliyoupata mlio wa lori langu, Malindi

Lori langu la kubebea chumvi kutoka Gongoni lilikuwa likitoa mlio mkali kila asubuhi nilipoliwasha, na fundi wa kwanza niliyemwendea alinibadilishia mkanda wa feni bila kukagua kitu kingine. Siku ya tatu mlio ukarudi vile vile. Ndipo nikaelekezwa kwenye gereji moja ndogo hapa Malindi, kando ya barabara ya kwenda Lamu.

Fundi wa huko hakukimbilia spana. Aliunyunyizia mkanda maji kidogo injini ikiunguruma, na mlio usipobadilika alinieleza kuwa mkanda wenye kasoro kwa kawaida hubadili sauti ukilowa. Kisha akazima injini, akauvua mkanda na kuizungusha kila puli kwa mkono, mpaka ile ya kukazia mkanda ikakwaruza kana kwamba imejaa mchanga: beringi yake ilikuwa imekauka grisi na kuingia kutu. Alinipa niizungushe mwenyewe, nikauhisi mkwaruzo ule vidoleni. Puli mpya ilifungwa siku hiyo hiyo, na ile ya zamani nikakabidhiwa. Kivuli cha kungojea hakipo, na jua la saa saba ni kali mno. Huu ni mwezi wa pili, lori limenyamaza kabisa, nami nimekwisha kuwaelekeza huko madereva wenzangu wawili.