Spektrofotomita ya mezani ya 190–1100 nm: inafika kwenye hali za Rydberg?

Inafika, kwa shida. Mashine hii hupima mwanga unaofyonzwa na sampuli katika kila urefu wa wimbi (nm); hali za Rydberg ni zile ambazo elektroni imepandishwa kwenye obiti pana, mbali na kiini cha molekuli. Asetoni ndiyo kipimo kizuri. Ukanda wake wa ufyonzaji wa 275 nm hutoka safi kabisa; ule wa Rydberg wa 3s (obiti ya kwanza ya mfululizo huo, n = 3) uko karibu na 195 nm (nishati yake: 1240 ÷ 195 = eV 6.4), ukingoni mwa uwezo wa mashine, ambako taa ya deuteri ni dhaifu na mwanga uliopotea njia hupotosha namba. Kiveti (kichupa cha sampuli) kiwe cha kwatzi, kwani plastiki huzuia mwanga huo.

Pima mvuke, si kimiminika: obiti ya Rydberg ni pana kuliko molekuli yenyewe, hivyo kwenye kimiminika hubanwa na majirani na ukanda hufifia. Tone zima la asetoni limezidi mno, mkunjo wa grafu utakatika kileleni. Punguza kwa hewa hadi ufyonzaji ushuke chini ya 1.

Kwa maabara za Mtwara, unyevu wa bahari ndio adui wa vioo vya ndani: badilisha silika jeli (chembe zinazonyonya unyevu) mapema. Washa taa dakika 30 kabla. UPS (betri ya akiba umeme ukikatika) ni lazima.

Kwa kufundishia, inunuliwe. Kwa obiti za juu za mfululizo, n = 4 na zaidi, haifai, maana huko oksijeni ya hewani humeza mwanga wote.