Mara tatu napigiwa window na picha zinazidi kuoza

“Dada, laptopu siyo jiko, huwezi kuchochea tu halafu ukisikia moshi unatuletea sisi.” Hayo nimeambiwa kaunta ya duka la kutengeneza kompyuta, mbele ya watu, Kariakoo, ghorofa ya tatu, lifti mbovu, nimepanda ngazi zote na begi mgongoni na jasho linanitiririka, na hii ni safari ya TATU kwa tatizo lile lile ambalo nilishawalipa mara mbili kulitatua. Mwenzake akacheka. Mteja mwingine aliyekuja kununua chaja naye akacheka. Nikacheka na mimi, ile ya aibu, na hicho ndio kinachoniuma mpaka leo, kwamba nilicheka.

Duka silitaji, sitaki kesi. Ila niliwahi kuwasifia sana, na watu wawili ninaofanya nao kazi nimewapeleka pale mwenyewe, kwa hiyo naona nina deni la kusema.

Mimi napiga picha za harusi, sendofu, kitchen party, hizo hizo. Laptopu yangu ni ya mtumba, nzuri tu, shida yake ilikuwa nzito nikifungua picha nyingi kwa pamoja. Nikaenda pale kama mwezi wa nne hivi, au wa tano, wakaniongezea RAM, ile memori ya kufanyia kazi, ya GB 8, dakika kumi wamemaliza, ikaruka kama mpya. Nilifurahi hadi nikamwachia kijana hela ya soda. Kumbuka hiyo soda.

Baada ya wiki chache picha zikaanza kuoza. Sina neno lingine. Unafungua picha, paji la uso la bi harusi liko sawa, macho yako sawa, ukifika kwenye pua inakatika, kuanzia hapo kwenda chini ni mistari ya zambarau na kijivu, shela imehamia kwa mpambe, mkono wa bwana harusi unaelea peke yake. Siyo picha zote, na ndio kinachochanganya. Leo tatu, kesho hamna, keshokutwa kumi na mbili. Faili la Excel la malipo ya wateja likagoma kufunguka kabisa. Faili la zip nililotumiwa na mteja likaniambia lina kosa, nikalishusha tena, likafunguka.

Safari ya kwanza wakasema virusi. Sawa, 20,000, wakapiga window, yaani wakaweka Windows upya. Siku nne hivi ikarudi pale pale. Safari ya pili wakasema SSD, ile diski ya kuhifadhia faili, imechoka. Nikauliza umejuaje, kijana akanijibu “uzoefu”. Nikanunua SSD, 85,000, window tena juu yake, 20,000 nyingine. Nikaenda nyumbani nimetulia kabisa, nikamwaga picha za harusi ya Mbezi humo, nikafomati memori kadi maana kesho yake nilikuwa na kazi nyingine, na nikanakili kwenye diski ya nje kama bekapu. Mnajua kilichotokea. Picha zilikuwa zinaharibikia njiani kabla hata hazijafika kwenye diski, kwa hiyo bekapu yangu ilikuwa nakala safi kabisa ya uchafu.

Safari ya tatu ndio hiyo ya jiko. Kijana kafungua laptopu, kafungua picha mbili, zimefunguka, kanigeuzia kioo: “Mbona kwangu inafanya kazi?” Nikamwambia kaka, fungua mia tatu. Akasema mimi nachomoa flashi bila kuitoa vizuri. Situmii flashi! Natumia kisomea kadi! Wakapiga window ya tatu na wakachukua 20,000 yao kama kawaida.

Nilikuwa nimeshakata tamaa, nawaza kukopa ninunue nyingine, ndio jirani akaniambia kuna kijana hapa Sinza anatengeneza simu na redio chini ya ngazi za ghorofa, kimeza kimoja, taa moja, kiti cha mteja ni ndoo imegeuzwa. Nilienda kwa dharau, nakiri. Yule kijana akasikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza swali moja ambalo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza: “Kabla haijaanza hivi, uliongeza kitu gani au ulibadilisha nini?”

Nikanyamaza. Ile soda ikanirudia kichwani.

Hakukimbilia kufungua skrubu. Alichukua kadi yangu yenye video moja kubwa, akainakili kwenye laptopu mara tatu, halafu akaandika kwenye kile kidirisha cheusi certutil -hashfile, jina la faili, SHA256. Inakutolea mstari mrefu wa herufi na namba, na faili zikiwa sawasawa mstari nao lazima uwe sawasawa hata ukinakili mara mia. Kwangu ilitoa mistari mitatu tofauti. Video moja, kadi moja, majibu matatu! Akachomeka kadi ile ile na kisomea kile kile kwenye laptopu yake chakavu isiyo na vitufe viwili, mara tatu, mstari ule ule. Basi kadi imetoka kwenye lawama, kisomea kimetoka, na mimi na jiko langu tumetoka.

Halafu akalinganisha nakala mbili kwa fc /b, ambayo inaonyesha baiti zipi, vile vipande vidogo vya faili, zimetofautiana. Kwenye video nzima ya GB na ushee zilikuwa chache tu zinahesabika, moja ilitakiwa iwe 4A ikawa 0A. Akanichorea kwenye bahasha ya kaki kwa biti, yaani moja na sifuri zake, 01001010 na 00001010, akazungushia ile moja iliyogeuka sifuri. Mistari mingine nayo, tofauti ni ile ile, biti ile ile imezimika. Akasema SSD ikianza kufa huwa haikuchezei hivi, yenyewe ina hesabu ndani ya kujikagua, ikishindwa kusoma inagoma au inapoteza kipande kizima, kubadilisha biti moja kimya kimya halafu ikakwambia mambo safi siyo tabia yake. RAM za laptopu zetu hizi za kawaida hazina kujikagua huko, zikipokea moja zikatunza sifuri, zinatoa sifuri na hakuna wa kuuliza. Na picha ya JPEG imesukwa kama mkeka, ukikosea ukili mmoja katikati vyote vinavyofuata vinapinda, ndio maana bi harusi wangu alikuwa mzima kuanzia puani kwenda juu. Ndio maana pia picha mbili za kule kaunta zilifunguka, RAM isipojaa ile sehemu mbovu inaweza isiguswe kabisa.

SSD yangu ya zamani nilikuwa nimeondoka nayo, nashukuru sikuwaachia. Akaitazama kwa CrystalDiskInfo, programu ya kuangalia afya ya diski, bluu, Good, sekta zenye mashaka ni sifuri. Nzima! 85,000 yangu jamani.

Akaniambia niache laptopu na chaja alale nayo. Akawasha Memtest86+, programu ya kupima RAM, kutoka kwenye flashi, inawaka yenyewe bila window. Asubuhi nimefika bado sijanywa chai, makosa yamejaa kioo kizima. Akatoa RAM moja moja. Ile ya zamani peke yake, safi. Ile ya kuongezwa peke yake, makosa. Akaifuta meno yake kwa ufutio wa penseli, maana wakati mwingine ni uchafu tu, makosa. Akaihamishia nafasi ya pili ili asisingizie ubao, makosa yakaifuata huko huko. Akaniwekea mkononi, kitu chepesi kuliko biskuti. Akasema window nayo ipigwe upya, maana zote tatu zilipitia kwenye RAM hiyo hiyo, haijulikani zilifika zikoje. Jumla 25,000 pamoja na hiyo window. Nimemwongezea, na hela ya soda sasa nagawa kwa uangalifu.

Sasa nimerudi Kariakoo nimejiandaa vita. Nimevaa kabisa raba. Kufika, kaunta yupo mama mtu mzima, kumbe ndio mwenye duka, nikamwamkia shikamoo na hasira yangu, akaitikia marahaba mwanangu kaa, akaisikiliza hadithi yote, akageuza RAM akaona stika yao, akaenda ndani akaleta nyingine na 60,000 za window zote tatu, bila kunyanyua sauti. “Tumekukosea.” Nikaishiwa maneno. Nilikuwa nimekariri ngazi zote tatu cha kusema, nikabaki nashukuru. Nikaanza kuwaza labda nisiandike chochote, RAM mbovu inaweza kumtokea yeyote, haitengenezwi na yule mama, na bei zao kusema kweli ziko chini kuliko wengi pale.

SSD hakurudisha lakini, kasema umeshaitumia. Sawa, nikameza.

Ndio nageuka kuondoka, nikasikia sauti ya yule kijana kutoka nyuma kwenye maboksi, anamwambia mwenzake, wala hata hakupunguza sauti: “Mi nilimwambia mapema yule dada, ni RAM hiyo.”

ULINIAMBIA LINI? Uliniambia jiko! Nilisimama pale mlangoni natetemeka, yule mama akaniangalia kama ananiomba niende, nikaenda. Kwa hiyo mkiniuliza kama mwende duka lile, msiende, au nendeni siku mama yupo, au nunueni tu kifaa kwao halafu mpelekeeni mwingine akipime usiku kucha kabla hamjaweka kazi ya watu. Ile RAM waliyonipa badala, nilimpelekea kijana wa Sinza siku hiyo hiyo. Imelala na Memtest hadi asubuhi, sifuri. Nzuri, haya, nawapa hiyo.

Ila picha zilizooza hazirudi, RAM nzima haizifufui, na kadi nilishaifomati na kupiga sendofu nyingine juu yake. Harusi ya Mbezi nimepoteza 63, karibu zote za kukata keki. Mama wa bi harusi anakuja Jumamosi kuchukua albamu. Ukurasa wa keki nimeweka picha niliyoomba kwa shangazi mtu, kapiga kwa simu, kidole chake kinaonekana pembeni.