Unga kwanza, sabuni baadaye: vya kuokea na vya kusafishia katika nyumba yenye watoto wadogo

Jirani yangu hapa Mengo, Kampala, alijifungua mtoto wa pili, na siku moja akaja akakaa mkekani na kichanga mgongoni. "Dada," akaniambia, "nimechoka na keki za dukani, na ile dawa ya kusafishia sakafu inamfanya mkubwa akohoe. Nianze kununua nini?" Tuliongea mpaka chai ikapoa. Haya ni yale niliyomwambia, pamoja na niliyokumbuka baada ya yeye kuondoka.

Jambo kubwa ni hili: pesa yako ipeleke kwenye unga. Unga ndio unaoingia tumboni mwa mtoto kila siku. Kwenye usafi, vitu vinavyofanya kazi kweli ni vya bei ndogo, na vile vya bei kubwa vinakuuzia harufu. Kina mama wengi nawaona wakifanya kinyume: chupa tatu za dawa za rangi rangi chini ya sinki, na unga ule wa rahisi kuliko wote jikoni.

Unga, kuanzia ulio bora

Namba moja ni atta, yaani unga wa ngano iliyosagwa pamoja na maganda na kiini chake. Unashika vizuri kwa chapati, mkate na hata keki, na una nyuzinyuzi zinazomsaidia mtoto asifunge choo. Maduka ya Wahindi katikati ya Kampala huuza atta ya kweli. Kuwa mwangalifu na pakiti iliyoandikwa kwa rangi ya kahawia tu. Rangi si ushahidi, kwa sababu unga mweupe uliorudishiwa pumba kidogo nao huwa wa kahawia. Soma viungo: neno la kwanza liwe ngano nzima. Halafu nusa. Kiini cha ngano kina mafuta, na mafuta yakikaa huchacha, kwa hiyo atta ya zamani hunuka kama karanga zilizooza. Nunua ya kukutosha wiki tatu au nne, usijaze gunia. Ngano yetu nyingi huagizwa kutoka nje, ingawa Kapchorwa na Bukwo wanalima, ndiyo maana bei hupanda na kushuka bila kukuaga. Linganisha bei ya kilo kwa kilo, usilinganishe pakiti kwa pakiti.

Namba mbili ni unga wa wimbi, na hapa nitakaa kidogo, maana ndiyo nafaka ninayoipenda kuliko zote. Wimbi una madini ya chokaa mengi kiasi cha miligramu 300 na zaidi katika gramu 100, mara nyingi kuliko ngano au mahindi, na mtoto anayeota meno anayahitaji. Tatizo ni kwamba hauna glutini, ile inayonata na kushika hewa, kwa hiyo ukioka kwa wimbi mtupu utapata tofali. Changanya kikombe kimoja cha wimbi kwa vikombe vitatu vya atta. Biskuti zinaweza kubeba zaidi, hata nusu kwa nusu, kwa sababu biskuti haihitaji kuumuka.

Namna ya kuununua ni muhimu kuliko jina la duka. Unga wa wimbi wa sokoni mara nyingi umeshachanganywa na muhogo kwa ajili ya kalo, yaani ugali wa wimbi. Si kosa, kalo hupikwa hivyo, lakini wewe unalipia wimbi. Kuna pia unga wa uji uliotiwa soya na mukene, dagaa wa ziwani. Ni chakula kizuri cha uji, ila keki yako itanuka ziwa. Mimi hununua punje soko la Owino, nazipeta, naziosha kwa sababu hupurwa chini na mchanga huingia, nazianika siku mbili, kisha napeleka Kisenyi, kwenye mashine za kusaga. Mwombe kijana wa mashine aifagie kwanza, na unga wa mwanzo unaotoka uuweke kando, maana una mabaki ya nafaka ya mwenzako. Chukua chembe moja ya unga utafune kwa meno ya mbele. Ukisikia mchanga, nafaka haikuoshwa vya kutosha.

Namba tatu si unga kabisa, na jirani yangu alishangaa: viazi lishe, vile vitamu vyenye nyama ya rangi ya chungwa. Rangi hiyo ndiyo mwili huigeuza kuwa vitamini A, ambayo macho na kinga ya mtoto huitegemea. Aina za Vita na Kabode zilitolewa kwa wakulima hapa Uganda mwaka 2007, na mtafiti wetu Robert Mwanga alikuwa mmoja wa wanne waliopewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016 kwa kazi ya kurutubisha mazao, yeye kwa viazi hivi. Chemsha na maganda, menya, ponda, na uweke kikombe kimoja cha rojo kwa vikombe viwili vya unga kwenye mandazi au mkate. Punguza maji, rojo lina maji yake. Tia mafuta kidogo pia, kwa sababu vitamini hiyo hufyonzwa vizuri ikiwa na mafuta. Sukari utajikuta unaipunguza mwenyewe. Sokoni mwombe muuzaji akukatie kimoja uone ndani, kwa maana ganda hudanganya: chenye ganda jekundu kinaweza kuwa cheupe ndani. Kadiri rangi inavyokolea ndivyo kilivyo bora.

Namba nne ni unga mweupe wa ngano. Siutupi. Watu wengi ndio wanaoumudu, na keki ya siku ya kuzaliwa huumuka nao vizuri. Ukiununua, tafuta vitu viwili kwenye pakiti: alama ya ubora ya shirika la viwango, UNBS, na ile ya chakula kilichorutubishwa. Kanuni za mwaka 2011 ziliwataka wasagaji wakubwa waongeze vitamini na madini kwenye unga wa ngano, na hivyo pakiti yenye alama ina madini ya chuma ambayo unga wa kupimiwa kwenye kaveera, mfuko wa plastiki, huenda hauna.

Muhogo ni wa tano. Unafaa kwa kabalagala, vile vitumbua vya kukaanga, pamoja na ndizi ndogo tamu, na hapo hakuna unga unaoushinda. Lakini hauna protini ya maana, kwa hiyo usiufanye chakula cha kila siku cha mtoto. Unga uwe mweupe usiokuwa na madoa ya kijani au meusi, na usiwe mchungu ulimini. Mihogo michungu ina sumu ambayo huondoka kwa kulowekwa, kuvundikwa na kuanikwa vizuri, na aliyeharakisha hujulikana kwa ladha.

Wa sita ni unga wa matooke, ndizi za kupika. Ni mzuri kwa anayekwepa ngano, lakini bei yake kwa kuoka haina sababu. Unga wa mahindi sikuupanga, ila nikumbushe moja: kikomo cha sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu, kwa nchi za Afrika Mashariki ni sehemu 10 katika bilioni, na jicho halioni sumu hiyo. Kukaanga na kuoka hakuiondoi. Mahindi na karanga zenye ukungu au zilizosinyaa usisage, hata kama umeshazilipia.

Kabla hatujatoka jikoni, utamu. Ndizi mbivu zilizoanza madoa meusi ndizo namba moja, na muuzaji mara nyingi huzipunguza bei jioni. Sukari guru ina ladha nzuri, lakini mwilini ni sukari. Asali ni nzuri pia, ila mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asionje, hata ikiwa imeokwa ndani ya keki. Asali inaweza kubeba vijidudu vya botulizimu, ugonjwa unaopoozesha mwili, vinastahimili joto la jikoni, na utumbo wa kichanga hauwezi kuvizuia. Hili nalisema kwa kila mama kwa sababu bibi zetu walikuwa wakipaka asali kwenye midomo ya vichanga kwa nia njema kabisa.

Kopo linalofanya kazi pande zote

Kama una pesa ya kitu kimoja zaidi baada ya unga, nunua bekingi soda. Ikikutana na kitu kichachu, maziwa ya bongo (yaliyochachuka), mtindi au ndimu, hutoa hewa inayoumua keki. Robo kijiko cha chai kwa kikombe cha unga chenye nusu kikombe cha bongo inatosha. Ukizidisha, keki huwa na ladha ya sabuni. Bekingi pauda ni soda hiyo hiyo iliyokwisha kuchanganywa na asidi kavu, hivyo yenyewe haihitaji bongo. Zipime dukani kabla ya kulipa, muuzaji wa haki hatakukatalia: soda kwa tone la siki, pauda kwa maji ya moto. Isipochemka kwa povu, imekufa. Hamira nayo ipime nyumbani kwa maji ya uvuguvugu yenye sukari, dakika kumi.

Usichanganye bekingi soda na magadi. Magadi ni makali zaidi, yanalainisha maharage, lakini si ya keki ya mtoto.

Soda hiyo hiyo, upande wa usafi, inatoa harufu kwenye friji. Godoro lililokojolewa likaushe kwanza juani, nyunyiza, acha saa kadhaa, piga kwa brashi. Sufuria iliyoungua itie maji na vijiko viwili vya soda, chemsha kidogo. Sufuria zetu nyingi ni za alumini, na soda ikikaa humo muda mrefu huzifanya ziwe nyeusi, kwa hiyo suuza mara moja.

Usafi, kwa mpangilio wangu

Kwanza sabuni ya mche. Inafua nepi, inaosha vyombo, sakafu na mikono, na mkono uliooshwa kwa sabuni humkinga mtoto na kuhara kuliko dawa yoyote ya kupulizia. Chagua mche mgumu, mkavu, uliokaa. Ule laini una maji mengi na huisha kabla ya Ijumaa. Ukinunua katoni Kikuubo, kwenye maduka ya jumla, ikate vipande na uvianike kwenye rafu, vitadumu zaidi.

Pili bekingi soda, nimeshaisema. Tatu majivu ya kuni yaliyochekechwa. Habuba wangu, yaani bibi yangu, kule Bombo alisugua sufuria kwa majivu na jani la mgomba mpaka unajiona uso, na hakununua kitu. Yanaondoa mafuta kwa sababu ni makali kama magadi, basi yaweke mbali na macho ya mtoto na uoshe mikono baadaye.

Nne siki nyeupe ya asilimia 5. Inaondoa chokaa kwenye birika na kung'arisha vioo. Usiimwage kwenye terazo wala sakafu ya saruji, asidi huila polepole. Na usiichanganye na soda kwenye chupa ukidhani umepata dawa kali mara mbili: zinapopambana huuana, na kinachobaki ni maji ya chumvi chumvi.



Mwisho kabisa ni chupa za kupulizia zilizoandikwa "asilia". Nyingine ni nzuri. Ila kama haitaji kilichomo ndani na haina alama ya viwango, hujui unanunua nini, na harufu ya maua haijawahi kuua kijidudu.

Sasa neno ambalo baadhi ya wapenzi wa vitu vya asili hawatalipenda: weka jiki nyumbani. Mtoto akiharisha au kutapika, siki na ndimu hazitoshi. Safisha uchafu kwanza, kisha sehemu moja ya jiki kwa sehemu tisa za maji, iache dakika kumi, suuza, madirisha wazi. Usiichanganye na siki, hutoa gesi ya klorini inayochoma mapafu, wala usiimwage juu ya nepi zenye mkojo kabla ya kuzisuuza, nazo hutoa hewa mbaya.

Na kwa Mungu, usinunue sabuni ya maji au jiki iliyotiwa kwenye chupa ya soda ya kunywa au ya maji ya kunywa. Najua ni rahisi, inauzwa kila kona. Mwaka juzi mtoto wa ndugu yangu, miaka mitatu, aliifungua moja akijua ni maji. Tulikimbia naye kituo cha afya, akapona, lakini sauti yake ya usiku ule sijaisahau. Ikitokea kwako usimlazimishe kutapika, kilichochoma kikishuka kitachoma tena kikipanda. Nenda naye hospitali na chupa yenyewe mkononi. Ukilazimika kununua ya kupimiwa, nenda na dumu lako lenye maandishi makubwa, na lifungiwe juu.

Siku ya kununua mimi huanza Kikuubo kwa sabuni na soda, napita soko la Nakasero kwa viazi na ndizi, namalizia Kisenyi mashineni, ili unga ufike nyumbani ungali mpya. Hutoka na joto. Utandaze kwenye sinia pana mpaka upoe kabisa ndipo uutie kwenye kopo. Ukiufunga ungali moto utatoa jasho, ushikane mabonge, na wiki ya pili utaona ukungu.