Canon PowerShot SX70 HS kwa mstaafu apendaye kupiga picha za ndege

Kwa mstaafu anayetaka kupiga picha kila siku bila kumaliza kiinua mgongo chake kwa kununua lenzi moja baada ya nyingine, Canon PowerShot SX70 HS, iliyotoka mwaka 2018, ni kamera ninayoipendekeza kwa moyo mkunjufu. Lenzi yake haibadilishwi, lakini huvuta mara 65, kutoka upana wa kuingiza ukumbi mzima wa harusi hadi kumleta karibu mdiria aliyetua ng'ambo ya mkondo wa mikoko, rangi za manyoya yake zikionekana wazi, nawe umekaa kitini. Ukifika mwisho wa kuvuta, egemeza viwiko mezani ili picha isitikisike. Uzito wake pamoja na betri ni takriban gramu 610, jambo lenye maana kubwa kwa mabega ya umri wetu. Kioo chake cha nyuma, unachotazamia picha, hugeuka kila upande, hivyo si lazima kupiga magoti mbele ya ua. Udhaifu wake ni giza: kihisi chake, yaani sehemu inayopokea mwanga, ni kidogo, na baada ya magharibi picha hujaa chengachenga. Asubuhi na alasiri inatosha kabisa. Nunua pia betri ya pili, kwani kutazama kioo kwa muda mrefu huimaliza ya kwanza upesi.