Lenzi ndefu ya kupigia picha wanyamapori: mulika kuvu kabla ya kuuliza bei

Mwezi wa Novemba mwaka juzi nilipanda mtumbwi katika kinamasi cha Mabamba, magharibi mwa Entebbe, nikiwa na lenzi ya milimita 150 hadi 600 (milimita zikiwa nyingi, kitu cha mbali huonekana karibu) ambayo nilikuwa nimeinunua siku tatu kabla yake, kwa shilingi milioni 3.4, katika duka la vifaa vilivyotumika mjini Kampala. Korongo nyangumi, ambaye Waganda humwita bbulwe, alikuwa amesimama kwenye mafunjo akimvizia samaki wa emmamba, na kwa muda wa nusu saa hakusogea hata hatua moja. Sijawahi kupata nafasi kama ile tena. Nilipozifungua picha nyumbani, kila picha niliyoipiga kuelekea upande wa jua ilikuwa na weupe kama wa maziwa yaliyotiwa maji, na manyoya ya kijivu ya ndege yule hayakutengana na anga iliyokuwa nyuma yake. Nilimulika lenzi kwa tochi ya simu, nikaona nyuzi nyembamba zilizotanda kama mizizi juu ya kioo cha ndani. Ilikuwa kuvu.

Washauri wengi wa ununuzi huanza na ukali wa picha, kasi ya fokasi na idadi ya milimita. Hayo sitayarudia, kwa sababu lenzi zote nitakazozipa nafasi za juu zina ukali unaomtosha mtu anayetaka kuchapisha picha ya ukutani. Ninachotaka mnunuzi wa Uganda akitazame ni jambo moja ambalo husahaulika: je, lenzi hiyo hurefuka inapovutwa, yaani unapobadilisha milimita ili kukisogeza kitu karibu, au hubaki na urefu uleule?

Lenzi inayorefuka hufanya kazi kama kiriba cha mhunzi. Kila unapoizungusha kutoka milimita 150 hadi 600, nafasi iliyo ndani yake hupanuka, na hewa ya nje huingia kuijaza. Unapoirudisha, hewa hutoka, lakini vumbi na unyevu ulioingia navyo havitoki vyote. Mipira ya kuziba maungio huzuia matone ya mvua na chembe kubwa za vumbi, lakini haiuzuii mvuke. Katika safari ya siku moja kwenye barabara za murram zisizo na lami za hifadhi ya Murchison, halafu jioni kwenye mashua karibu na maporomoko, lenzi ya namna hiyo hupumua mara mia kadhaa. Kuvu huhitaji unyevu, giza na chakula kidogo sana, na mfuko wa kamera uliofungwa chini ya kitanda katika mji ulio kando ya Ziwa Victoria huipatia vyote vitatu, hasa katika miezi ya mvua ya Machi hadi Mei na ya Septemba hadi Novemba. Ikikaa muda mrefu hutoa asidi inayokula utando mwembamba uliopakwa juu ya kioo, na hapo hata fundi akiifuta, alama hubaki. Ndivyo fundi wa pili niliyempelekea lenzi yangu alivyoniambia, na nilimwamini kwa sababu hakuniomba hata shilingi moja.

Lenzi isiyorefuka nayo inaweza kuota kuvu ikitunzwa vibaya. Tofauti ni kwamba haiuvuti unyevu kwa mkono wako mwenyewe kila unapomlenga mnyama.

Kwa kipimo hicho, nafasi ya kwanza ninaipa Nikon AF-S 300mm f/4E PF iliyotumika (namba iliyo baada ya f huonyesha mwanga unaoingia: ikiwa ndogo, mwanga ni mwingi), na ninakiri wazi kwamba Nikon ndiyo ninayoipenda. Lenzi hii ilitoka mwaka 2015, haivuti wala hairefuki, ina kizuia mtikisiko, na uzito wake ni gramu 755 tu, kiasi ambacho mkono huweza kukishika asubuhi nzima. Uzito huo una maana kubwa kwetu kuliko kwa watu wapigao picha wakiwa wamesimama ardhini, kwa kuwa Mabamba uko kwenye mtumbwi na kwenye mfereji wa Kazinga uko kwenye mashua, na tripodi iliyosimikwa juu ya chombo kinachoyumba huyumba nacho. Wengi huniambia kwamba milimita 300 ni chache. Kwenye kamera yenye kihisi kidogo cha DX huonyesha sawa na milimita 450, na ukiongeza kikuzaji cha mara 1.4 unafika 630 huku mwanga ukishuka hadi f/5.6 tu. Bbulwe mwenye kimo cha zaidi ya mita moja huijaza picha ile. Katika msitu wa Bwindi, ambako sokwe hukaa chini ya kivuli kizito, f/4 hukupa mwanga maradufu ya f/5.6, na hapo utasahau kabisa habari ya milimita 600. Dosari yake ni duara za rangi zinazoweza kutokea ukiweka jua au taa kali ndani ya picha; mimi hujigeuza kidogo na kuendelea. Wenye kamera za Nikon zisizo na kioo cha kuakisi (mirrorless) wataitumia kwa FTZ, adapta inayoiunganisha na kamera hizo.

Ya pili ni Nikon Z 180-600mm f/5.6-6.3 VR ya mwaka 2023, ambayo huvuta kwa vioo vya ndani bila bomba lake kurefuka. Kwa simba wanaopanda mitini kule Ishasha, ambako gari haliruhusiwi kuacha njia, ndiyo ningeichagua kama fedha si kikwazo. Inakaribia kilo mbili. Ya tatu ni Sony FE 200-600mm ya mwaka 2019, iliyoundwa kwa mtindo huohuo wa kutorefuka na yenye fokasi ya haraka mno kwa ndege warukao. Aliye tayari na kamera ya Sony asihangaike kuhama kwa sababu yangu.

Kwa wenye Canon za zamani ninapendekeza EF 400mm f/5.6L, iliyotoka mwaka 1993. Haivuti na ina kilo moja na robo. Kwa kuwa haina kizuia mtikisiko, pandisha kasi ya shata hadi 1/1000 ya sekunde au zaidi, jambo linalowezekana katika jua la mbuga ya Kidepo lakini si msituni. Kwa kuwa nyingi zake zina umri mkubwa, zimulike kwa uangalifu maradufu.

Sigma na Tamron za 150-600 ni nafuu, zina ukali, na zote hurefuka. Lenzi ndogo za milimita 55 hadi 250 zinamfaa mtoto anayejifunza.

Sasa niseme kuhusu wauzaji, kwa maana sehemu kubwa ya hasara yangu ilianzia kwenye kaunta. Nilipoomba kuimulika lenzi ile, kijana wa duka aliniambia, "Nnyabo, hilo ni vumbi tu, kila lenzi inalo," kisha akawasha taa ya dari na kunionyesha kioo cha mbele, ambacho kweli kilikuwa safi. Hakunipa risiti, na niliporudi aliniuliza nitathibitishaje kwamba kuvu haikuota nyumbani kwangu, kana kwamba inaweza kutanda namna ile kwa siku tatu. Kuhusu lenzi mpya, ile ya 180-600 ilitangazwa Marekani kwa dola 1,700 hivi. Mimi nilitajiwa 2,900 hapa Kampala, tena kwa dola, ilhali mshahara wangu ni wa shilingi. Kodi ya VAT ya asilimia 18 haiifikishi bei ile ya Marekani hata kwenye 2,010. Niliomba nielezwe usafiri ni kiasi gani na ushuru ni kiasi gani, na muuzaji alikunja karatasi yake.

Kwa hiyo nenda dukani na tochi yako. Vua vifuniko vyote viwili, ukiona tundu la mwanga limefumba, na lenzi ni ya Nikon za zamani zenye wenzo mdogo nyuma, lifungue kwa wenzo huo, mulika kutoka upande mmoja na utazame kwa mshazari kutoka upande wa pili, halafu ubadilishe. Vumbi ni vitone vilivyotengana. Kuvu ina matawi. Iliyo karibu na kioo cha nyuma huharibu picha zaidi kuliko iliyo ukingoni mwa kioo cha mbele. Muuzaji akikataa, toka.

Mwisho, bei ya lenzi ihesabiwe pamoja na kisanduku cha plastiki chenye mpira wa kuzuia hewa, pakiti za silika za kunyonya unyevu na kipimo kidogo cha unyevu, ili ndani pabaki kati ya asilimia 40 na 50. Mchele haufai badala ya silika, kwa kuwa huacha unga. Mimi niliinunua 300mm yangu kwa shilingi milioni 3.9 baada ya kuzikataa tatu, na ilikuta kisanduku kikiisubiri mezani. Kama huwezi kuvinunua vyote kwa mwezi mmoja, anza na kisanduku.