Programu ya kupima sonona kituoni kwetu: tableti nzuri, ila kilichotusaidia ni mtu wa kukaa na sisi

Nafanya kazi kituo cha afya huku Chamwino, na wenzangu wa Bahi na Kongwa wananiuliza kama waichukue hii huduma ya kufundishwa programu ya afya ya akili, basi naandika hapa tusome wote.

Programu yenyewe naikubali sana. Ina yale maswali 9 ya PHQ-9, dodoso la kupima sonona, alama 0 mpaka 27 inajumlisha yenyewe hata bando likiisha, na inafuata mhGAP, mwongozo wa WHO wa huduma za afya ya akili, kwahiyo kabla hujaandika amitriptilini, dawa ya sonona, inakuuliza kama mgonjwa amewahi kupitia kipindi cha kuchangamka kupita kiasi, halali usiku, anaongea mfululizo, maana huyo ukimpa dawa ya sonona peke yake unaweza kumharibia kabisa. Ila swali la 9 ndo limenishika. Kuna mama alikuja analalamika kichwa na usingizi, jumla yake 8 tu, kwa foleni ya OPD (wagonjwa wa nje) angeondoka na panadol, lakini kwenye la 9, la mawazo ya kujidhuru, alijibu siku kadhaa, programu ikagoma kufunga mpaka niulize kama ana mpango na kama nyumbani kuna sumu ya shambani. Ilikuwepo, chini ya kitanda. Dadake akaitwa siku hiyohiyo, sumu ikatolewa ndani, tukaandika rufaa ya Mirembe, hospitali ya afya ya akili Dodoma.

Mafunzo sasa. Semina ya hotelini mjini ilikuwa slaidi kutwa nzima, tukarudi tableti zikakaa kabatini, maana ukiinamia kioo mgonjwa ananyamaza, anadhani unachati. Mambo yalibadilika hao wakufunzi walipomleta dada mmoja nesi akakaa na sisi OPD, akatuonyesha kumwambia mgonjwa kwanza unaandika nini na nani atakiona, kumgeuzia tableti aone mwenyewe, na bibi anayeongea Kigogo tu atafsiriwe na mhudumu wetu, sio mjukuu wake, nani atasema mbele ya mjukuu kwamba anatamani kufa?

Kitu kimoja kiliniudhi kweli, walitupa nywila moja ya programu kituo kizima. Hapana jamani, hizi ni siri za watu, na sheria ya kulinda taarifa binafsi tunayo toka 2022. Mkiwaita, kila mtu adai ya kwake, na siku za yule nesi ziandikwe kabisa kwenye makubaliano, hata kama semina itapunguzwa.