Busu la mwana wa mfalme au upendo wa dada?

Kati ya filamu mbili za katuni za Disney, Snow White na Frozen, ipi inamfunza mtoto zaidi? Katika Snow White (1937), binti anazinduka kwa busu la mwana wa mfalme; yeye kazi yake ni kungoja tu. Katika Frozen (2013), Anna anageuka barafu akimkinga dada yake Elsa, na tendo hilohilo ndilo linalomwokoa. Tena yule mchumba aliyemkubali siku ya kwanza kuonana anatokea kuwa laghai! Kwangu, hii ya pili inamfunza mtoto zaidi: upendo ni kutenda, na sura nzuri si dhamana.

Ya kwanza nayo ina wema kwa wanyama na mbilikimo saba, jambo ambalo watoto wadogo huliiga upesi. Frozen ina kasoro moja: baba anamfundisha Elsa kuficha hisia, na mtoto akilala kabla ya mwisho, hubaki na somo hilo.